Kamba ya Turubai

Dereva alirudi nyumbani mchana kweupe akiwa ameketi upande wa abiria, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona. Msaidizi wake alimshusha, akamkabidhi magongo na begi la safari, kisha lori likaondoka na mtu mwingine kwenye usukani. Alikuwa amepanda juu ya tela kukaza turubai wakati wa mvua, akateleza, akaja chini kama gunia. Mguu wa kulia, ule wa mafuta na breki, ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Hospitali walimfunga plasta hadi gotini na kumwambia asahau barabara mpaka mfupa ushike sawasawa.

Mkewe alimpa pole, akamtafutia mto wa kuegemeza mguu. Binti yao hakuwa na muda wa pole. Aliizunguka ile plasta kama fundi anayekagua ukuta, akaigonga, akainusa, akataka kujua kama mguu ukiwa humo ndani unaona giza. Kabla baba hajafungua mdomo, mtoto alishatoka nje kufuata kitu alichokisikia yeye peke yake. Baba akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Mtoto alikuwa na miaka tisa. Jina la Sisimizi alipewa na mama yake mdogo tangu alipoanza kutambaa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona ametulia pahali pamoja. Kwa Dereva, mtoto huyo alikuwa mboni ya jicho. Kazi yake ilimruhusu kulala nyumbani siku chache tu kila mwezi, na siku hizo baba na binti hawakubanduka. Walifungua redio mbovu wakaitawanya sakafuni, wakaifunga tena ikabaki na skrubu za ziada, na muda wote huo mtoto alikaa kitako bila kuinua kichwa. Kwa hiyo mkewe alipompigia simu akiwa safarini, akalalamika kwamba shule wameita tena, kwamba sweta jingine limepotea, kwamba kila jioni daftari likifunguliwa nyumba inageuka uwanja wa vita, Dereva alikuwa na jibu moja tu. Unamdekeza, alisema. Kwangu mbona anatulia? Mkewe akanyamaza upande wa pili wa simu, naye akauchukua ukimya huo kuwa ni kukubali.

Sasa alikuwa nyumbani. Mkewe alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi la mjini, kazi inayoanza mapema na kumalizika jua likiwa limeinama. Wakakubaliana kwamba baba, maadamu amekaa tu, atamtoa mtoto kwenda shule na kumpokea akirudi. Dereva alishangaa kwamba hilo nalo lilikuwa la kuulizana.

Asubuhi ya kwanza alimwambia Sisimizi avae viatu. Akaenda, akarudi na kiatu kimoja mguuni na sumaku mkononi. Akatumwa kiatu cha pili. Alipokawia, Dereva akajivuta kwa magongo hadi chumbani, akamkuta amelala kifudifudi, mkono umezama chini ya kitanda, anavua misumari kwa ile sumaku, na kiatu kipo palepale karibu na sikio lake. Akatumwa kupiga mswaki, akaacha bomba linamwagika. Akatumwa kufunga bomba, akarudi amelowa kifua kizima na bomba bado linamwagika. Majirani waliokuwa wakipita waliisikia sauti ya Dereva, ile ya kumwitia mtu aliye ng'ambo ya bonde, wakatazamana.

Hali ikawa hiyohiyo, hadi siku ambayo maji yalifika kwenye godoro. Dereva alimzaba mtoto kofi. Hakuwa amewahi kumpiga, na kwa kitambo kidogo alihisi kwamba ndiyo dawa iliyokuwa imekosekana humo ndani. Sisimizi alilia, akajifuta kamasi kwa mkono wa sweta, akachukua tambara na kuanza kukausha sakafu bila kuambiwa. Baba akajipongeza kimoyomoyo. Kisha, katikati ya kukausha, mtoto akainua uso uliokuwa bado na alama za vidole, akauliza kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Baba, umenipiga kwa nini?"

Dereva alitafuta ujeuri katika macho yale, hakuuona. Tambara lilikuwa mkononi mwa binti, maji yalikuwa chini ya nyayo zake, na bado lile bomba na lile kofi havikuwa vimekutana kichwani mwa mtoto. Dereva alimwambia anachelewa shule.

Haukupita muda mrefu mwalimu wa darasa akapiga simu, na kwa kuwa mama alikuwa kazini, baba akajikongoja hadi shuleni. Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, sauti imekwaruzika kwa kupazwa kila siku, wala hakuwa na ubaya usoni. Hakumkaribisha ofisini. Alimpeleka dirishani wachungulie darasa. Watoto walikuwa wamebanana watatu watatu kwenye madawati, isipokuwa dawati moja lililosukumwa pembeni, kati ya kabati na ukuta, likatazamishwa ukutani. Hapo ndipo Sisimizi alipokuwa, amewapa wenzake wote mgongo, mguu mmoja juu ya kiti, anakwangua rangi ya ukuta kwa ukucha. Mbele yake rangi ilikuwa imebanduka kipande kikubwa kama sinia, na hiyo haikuwa kazi ya siku moja.

Tangu muhula uanze, mwalimu alimjibu alipouliza amewekwa hapo tangu lini, na mama yake anajua. Akaeleza bila kutia chumvi. Mtoto si mjinga. Hesabu za kichwa anazijibu kabla swali halijaisha. Lakini anasimama, anaimba, anaokota penseli za watu na kuzisahau mfukoni, anavamia michezo ya wenzake mpaka wanamkimbia. Wazazi wengine wamekuja kulalamika. Pale pembeni angalau wenzake wanasoma. Akamshauri ampeleke hospitali kubwa, kwa daktari wa watoto, kwani wapo wanaoshughulika na watoto wa namna hiyo.

"Mwanangu si kichaa, mwalimu," Dereva akasema.

Mwalimu alitazama magongo, kisha akamtazama yeye. "Sijasema kichaa, baba. Nimesema mimi nimechoka, na yeye amechoka zaidi yangu."

Jioni ile Dereva hakumpa mkewe hata nafasi ya kuvua viatu. Alimwuliza ilikuwaje anyamaze wakati mtoto wao anatazamishwa ukuta kama mfungwa. Mkewe aliketi ukingoni mwa kochi, nguo zake zikinuka wanga na mvuke wa pasi, akaanza kujikanda kiganja. Hakupandisha sauti. Alisema hospitali ameshakwenda, tena zaidi ya mara moja, akiomba ruhusa kwa msimamizi wake kwa kisingizio cha meno. Daktari amemwona mtoto, amemchunguza, ameuliza maswali mengi, na sasa anataka kuwaona wazazi wote wawili.

"Na mimi hukuniambia."

"Niliogopa utasema mwanao si kichaa."

Dereva angeweza kuishia hapo, lakini kiburi nacho kina miguu yake. Alichokisikia yeye ni kwamba mwanawe amefanywa mgonjwa nyuma ya mgongo wake, na walimu na madaktari wameshika kalamu. Akajiapiza kuwaonyesha wote. Alikuwa ameshabeba vioo, ng'ombe na mitungi ya gesi kwenye barabara mbovu, na hakuna mzigo uliowahi kumshinda kuutuliza.

Kesho yake Sisimizi alipotoka shule alikuta meza imewekwa katikati ya sebule na kiti kimoja tu. Pazia limeshushwa, redio imefichwa. Juu ya meza palikuwa na daftari la mwandiko na penseli. Alitakiwa aandike mistari mitano tu, kisha akacheze.

Neno la kwanza aliliandika vizuri kabisa. La pili likapanda mlima. Akaomba maji. Akaomba kwenda chooni. Penseli ikaanguka, akaifuata chini ya meza na kukaa huko. Baba alimwita kwa upole, akamwita kwa ukali, akagonga gongo sakafuni. Kila mara mtoto alirudi kitini akiwa na nia njema usoni, na kila mara miguu ikaondoka kabla yake. Mwishowe Dereva akavua mkanda wa suruali, akaulaza mezani kando ya daftari.

Sisimizi aliutazama mkanda. Akashuka kitini, akaenda kwenye begi la safari lililokuwa bado pembeni, akachakura humo, akarudi amekumbatia kamba ya turubai, ile ya nailoni ya buluu.

"Baba, nifunge," akasema. "Wewe unajua kufunga vitu visianguke. Ukinifunga nitamaliza."

Baba aliuliza nani amemfundisha maneno hayo. Hakuna aliyemfundisha. Siku moja wasichana wa dawati la karibu walimfunga na kiti kwa mikono ya sweta, utani wao, wakacheka sana. Siku hiyo alinakili ubao wote mpaka mwisho, na mwalimu akampa tiki kubwa. Aliyasimulia haya kwa uchangamfu, kama anayemwelekeza baba yake njia ya mkato.

Dereva angepaswa kukataa. Alijiambia hivyo baadaye, tena na tena. Lakini mguu ulikuwa unapwita ndani ya plasta, alikuwa amechoka kupiga kelele, na mtoto mwenyewe ndiye aliyeomba, tena akiwa ameanza kutabasamu. Akamzungushia kamba kiunoni, akaipitisha nyuma ya kiti, akapiga fundo lake la kila siku, lisilobana mzigo wala kuuachia. Akapitisha vidole kuhakikisha haiumizi. Sisimizi akashusha pumzi ndefu. Akaandika mstari wa kwanza, akaandika wa pili, miguu ikichezacheza chini ya meza lakini haiendi popote. Baba akakaa akimtazama, na aibu iliyoje, akahisi furaha. Alijiona amepata kwa kamba moja kile ambacho hospitali nzima ilikuwa bado inakitafuta.

Mkewe aliwakuta hivyo. Alisimama mlangoni, mkoba begani, akamtazama mtoto, akaitazama kamba, akautazama mkanda mezani. Sisimizi aligeuza shingo, kwa kuwa mwili haukugeuka, akasema kwa fahari:

"Mama, ona. Nimetulia."

Mama alipiga magoti nyuma ya kiti, akaanza kulifungua fundo. Vidole vyake vilivyozoea vifungo vya mashati vilihangaika na nailoni ile, visipate pa kuanzia. Dereva akanyoosha mkono amsaidie, maana fundo ni lake. Mkewe akausukuma mkono ule kando bila kumtazama. Akaenda jikoni, akarudi na kisu, akaikata kamba kwa subira, polepole, asiguse sketi ya mtoto.

"Ni yeye aliyeniomba," Dereva akasema.

"Najua. Hata mimi ameshaniomba." Alisimama, akamshika mtoto mkono. "Mimi nilikwenda chooni nikalia, nikarudi nikamwambia hapana."

Kabla giza halijaingia alikuwa amekusanya nguo chache na kumchukua Sisimizi kwenda kwa mdogo wake. Mtoto alifurahi kwa sababu huko kuna paka. Dereva alibaki na meza katikati ya sebule. Alilifungua daftari. Mistari miwili ilikuwa imenyooka kama barabara mpya, na wa tatu umeishia katikati ya neno.

Asubuhi alipanda bodaboda, magongo ameyalaza mapajani, akaenda kwa shemeji yake. Shemeji alifungua mlango nusu, akamsalimia kwa adabu kavu, akamwita dada yake. Mume na mke walisimama barazani. Dereva alikuwa ametunga maneno mengi njiani, lakini yote yakamponyoka. Akauliza tu siku ya daktari ni lini. Alhamisi, mkewe akasema. Dereva akasema atakwenda. Mkewe akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Daktari alikuwa kijana, mpole, na chumba chake kilikuwa na droo nyingi ambazo Sisimizi alizifungua moja baada ya nyingine mpaka akapewa kifaa cha kupimia mapigo ya moyo achezee. Daktari alieleza kwamba hali hiyo si kichaa wala utovu wa adabu. Ni ubongo ambao unasikia kila mlio na kuona kila kinachopita, lakini breki zake zinachelewa kushika. Ndiyo maana akikipenda kitu anazama, na asipokipenda hawezi kujilazimisha kama wengine. Mara nyingi hali hii hutembea ndani ya ukoo, akasema, je, yupo mwingine wa namna hii? Dereva alisema hayupo. Mkewe akakohoa kidogo. Alisema hajawahi kumwona mumewe akikaa harusini mpaka mwisho, na kwamba hata picha yao ya ndoa ilibidi ipigwe mara ya pili kwa sababu bwana harusi alikwenda kutazama jenereta. Daktari alijizuia kucheka. Dereva alitazama dari.

Kisha mama akaulizwa anamtoaje mtoto nyumbani asubuhi. Alieleza kana kwamba ni jambo dogo. Hamwiti kutoka mbali, anamsogelea na kumgusa bega kwanza. Hamtumi vitu viwili kwa mpigo. Viatu vinalala mlangoni, siyo chumbani. Hesabu zikianza kumshinda anamtuma apeleke ndoo uani, akirudi anaendelea. Akipoteza kitu hamwulizi kwa nini, kwa sababu hajui kwa nini. Dereva alimsikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za nyumba ya watu wengine. Mengi ya hayo aliyaona kwa macho yake siku zake za mapumziko, akayaita kudekeza.

Daktari akamgeukia. "Na wewe, baba, mnaendaje?"

Mkewe aliinamisha macho. Hakusema lolote, na Dereva akajua hatasema. Angeweza kupita hapo salama. Badala yake akaeleza habari ya kofi, ya mkanda na ya kamba, bila kuruka kitu, hata ile furaha.

Daktari aliweka kalamu chini. Hakumfokea. Alimwambia kwamba hilo lisirudiwe kamwe, hata mtoto akiomba kwa magoti. "Mtoto anayeomba afungwe si mkaidi," akasema. "Amechoka kuwa mkosaji kila siku." Kisha akazungumzia dawa ambayo wangeweza kuijaribu, ambayo huwasaidia wengi na haiwasaidii wote, na kwamba watahitaji kurudi mara kwa mara. Wala haitafanya kazi ya wazazi, akaongeza.

Wakati wa kutoka, Sisimizi aliulizwa kama ana swali. Alitaka kujua kama moyo nao huchoka kukaa sehemu moja.

Mama na mtoto walirudi nyumbani siku ileile. Mama alihamishia mto wake chumba cha mtoto, na Dereva hakuuliza. Alijifunza kuamka mapema. Alijifunza kusogea badala ya kupaza sauti, na kwa mtu wa magongo hiyo ni safari. Siku nyingine mambo yalikwenda, siku nyingine alijikuta amesimama mlangoni na sauti imeshamfika kooni, ikabidi atoke uani apumue. Dawa ilimtuliza mtoto kidogo na kumkatia hamu ya kula, wakaenda kubadilishiwa kipimo. Mwalimu wa darasa, baada ya kuzungumza na daktari kwa simu, aliligeuza dawati liwatazame wenzake. Lakini muhula ulipoisha mwalimu mkuu aliwaita, akawasifia mtoto kwa hesabu zake, na akawaambia nafasi yake haitakuwepo tena.

Wakaanza kutafuta shule. Ya kwanza, mkuu aliwapokea vizuri mpaka alipouliza kama mtoto ana tatizo lolote. Dereva alimtazama mkewe. Mkewe akasema ukweli wote, na tabasamu la mkuu likabaki palepale huku uso mwingine wote ukiondoka. Shule imejaa, akasema. Njiani Dereva alinung'unika kwamba bora wangenyamaza tu.

"Nilinyamaza mwaka mzima," mkewe akasema. "Kilinifaa nini?"

Shule ya pili ilikuwa ndogo, ukuta wake haujapigwa plasta, na mkuu wake alikuwa mama mnene asiyependa maneno mengi. Alianza kumhoji Sisimizi, na katikati ya swali Sisimizi akatoka. Walimkuta jikoni akimwuliza mpishi kwa nini moshi hautaki kushuka. Mkuu hakucheka wala hakukasirika. Alimaliza kumhoji hukohuko jikoni, akiwa amesimama. Kisha akawaambia wazazi atampokea kwa muhula mmoja. Zaidi ya hapo hakuahidi. Watoto wengine wa hivyo aliwaweza, akasema, na mmoja alimshinda.

Kufikia wakati huo plasta ilikuwa imetolewa na Dereva alitembelea gongo moja. Tajiri wa malori alikuwa ameanza kupiga simu. Dereva aliomba apewe safari za mjini, zile za kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Tajiri akajibu kwamba hizo zina wenyewe, ila atafikiria, na kwa sauti yake ilikuwa dhahiri kwamba hatafikiria kwa muda mrefu.

Jumapili jioni, kesho yake shule mpya ikianza, mkewe alikuwa anapiga pasi sketi ya sare juu ya meza ya sebuleni. Dereva alikuwa amekaa kando, anaandika jina la mtoto ndani ya sweta kwa kalamu ya wino mzito. Sisimizi alikuwa chumbani, anaimba wimbo usio na mwisho.

"Siku ile sijaisamehe," mkewe akasema, macho kwenye pasi.

"Najua."

"Sisemi ili unijibu." Aligeuza sketi upande wa pili, akainyoosha kwa kiganja. "Kesho wewe ndiye utakayempeleka. Mimi nimenyimwa ruhusa. Toka mapema, kwa sababu atasimama njiani, na usimvute mkono."

Dereva alisema atatoka mapema. Alitaka kuongeza neno, lakini chumbani wimbo ulikatika ghafla, na kitu kizito kikaanguka sakafuni kwa kishindo. Wote wawili wakainuka. Mama alifika wa kwanza, na baba akafuata akichechemea nyuma yake.